Kabla hujatuletea roliba ya bolti na mkanda wa rali, soma hapa kwanza

Wateja wetu wa Tanga mjini, na nyie mnaoshusha magari kutoka Lushoto, Muheza na Korogwe, siku hizi maswali ya roliba yamekuwa mengi sana hapa gereji. Mtu ananunua roliba ya mtumba, ile ya kufunga kwa bolti, anakuja nayo pamoja na mkanda wa rali wa pointi nne, yaani unaoshikwa sehemu nne, alioagiza mtandaoni, anasema fundi nifungie jioni napitia gari. Wengine tumewarudisha na wakaondoka wamenuna, kwahiyo leo naeleza vizuri kwanini, mana hapa tunaongelea shingo na uti wa mgongo wa mtu.

Roliba ni ule upinde wa bomba la chuma unaokaa nyuma ya siti za mbele, una miguu yake miwili na mabomba mengine mawili yanayorudi nyuma kuushikilia, kazi yake ni kwamba gari likipinduka paa lisikushukie kichwani. Sasa bomba linaweza kuwa zuri kabisa, swali ni limesimama juu ya nini? Sakafu ya gari dogo ni bati, magari mengi halifiki hata milimita 1. Ukitoboa tundu ukaweka bolti na washa ndogo, gari likibinuka mzigo wote unaishia kwenye hivyo vitundu, mguu unatoboa bati unazama, au bolti inang'oka na kipande cha sakafu, roliba inashuka na paa nalo linashuka. Ndio mana FIA, hao wanaosimamia mbio za magari duniani, wanataka kila mguu wa upinde mkuu ufungwe kwa bolti zisizopungua 3 za M8, yaani za unene wa milimita 8, daraja la ugumu 8.8, juu ya pleti ya chuma ya milimita 3 au zaidi yenye sentimita za mraba 120, yaani kama sentimita 10 kwa 12, na hiyo pleti inachomelewa kwenye bodi. Kwahiyo hata roliba ya bolti ina kazi ya kuchomelea, anayekwambia ni spana tu anakudanganya.

Bolti nazo ziangalie kichwani, ile ngumu imegongwa namba 8.8, zile za kwenye makopo ambazo hazina alama yoyote ni za kufungia geti sio za kubeba uhai. Bomba tunalolikubali halina mshono, upinde mkuu ni kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5 au 50 kwa 2.0. Bomba la maji lililojazwa mchanga likakunjwa kwa moto mpaka limebonyea kwenye kona, hatulifungi hata ulipe mara mbili.

Alafu kuna hili la kapeti, naliona karibu kila roliba iliyofungwa haraka haraka. Fundi hataki kutoa siti na kapeti, anaweka mguu wa roliba juu ya kapeti anakaza, siku ya kwanza inaonekana imekaza kweli kweli, baada ya muda kapeti linajibana na bolti zinabaki zinacheza, na mwenye gari hajui kwasababu hakuna kinacholia. Mguu lazima ukae chuma kwa chuma. Na sisi wa pwani tuna tatizo la ziada, hewa yetu ina chumvi, kila tundu unalotoboa na kuliacha wazi kutu inaanzia hapo, magari mengine tukifungua kapeti karibu na mlango unakuta bati linabonyea kwa kidole. Hilo gari linatengenezwa bodi kwanza, roliba baadaye.

Tuje kwenye mkanda sasa, hapa ndio watu wanaumia bila kujua. Mikanda ya mabegani inatakiwa irudi nyuma ikishuka kidogo tu, mteremko wa digrii kama 10 ndio mzuri, na usizidi 45. Ukiivuta mpaka sakafuni nyuma ya siti, gari likigonga mkanda unakuvuta mabega kwenda chini na mgongo unabanwa, unaweza kuvunja pingili. Kuifunga kwenye siti yenyewe ndio kabisa hairuhusiwi. Inashikwa kwenye bomba la kukatisha la roliba, na huyo wa kiunoni ukae kwenye mifupa ya nyonga sio tumboni. Mkanda wa pointi nne hauna kamba ya kupita katikati ya mapaja, kwahiyo wa mabegani ukikazwa unaunyanyua wa kiunoni, wewe unateleza chini yake na tumbo ndio linapokea mzigo wote. Wa pointi sita ni bora zaidi. Na usifunge mkanda wa rali kwenye gari lisilo na roliba, mkanda wa kawaida unakuacha uegemee pembeni paa likibonyea, huu unakushikilia wima palepale.

Angalia na lebo. Mikanda yenye cheti cha FIA ina mwaka wa mwisho wa matumizi umeandikwa juu yake, na uliowahi kupata ajali usiununue hata kama unaonekana mpya.

Kwa gari la familia naomba nisikilizwe. Roliba ikikaa nyuma ya siti za mbele, mtoto aliyekaa nyuma ana bomba la chuma mbele ya uso wake. Ile sponji ngumu tunayovalisha bomba imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye helmeti. Kama gari ndilo linalopeleka watoto shule asubuhi, achana na roliba, baki na mikanda ya kiwandani na eabegi zake. Kazi hii ni ya gari la mashindano.

Kama gari lako ni la mashindano kweli, tupigie kabla ya kuja. Lilete likiwa na mafuta kidogo kwenye tenki, lete siti yako ya mbio na helmeti, na uje mwenyewe usimtume dereva, mana kimo cha lile bomba la kukatisha linaloshika mkanda tunakipima wewe ukiwa umekaa kwenye siti. Kabla ya kila mashindano unapita tunakagua ukazaji wa bolti zote, hiyo hatukutozi.