Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Fedha Tulivyozitafuta na Zilikokwenda

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kompyuta cha wanafunzi, mlezi wetu na wenzangu wa kamati tendaji,

Hesabu zenyewe atazisoma mweka hazina baada yangu, mstari kwa mstari, na nakala imebandikwa mlangoni. Mimi nitaeleza jinsi fedha hizo zilivyopatikana, maana humo ndimo tulimojifunza mengi.

Muhula wa kwanza tuliumaliza kwa barua za kuomba udhamini. Tulizipiga muhuri, tukagawana njia, tukapanda daladala kuzipeleka Posta, Masaki na Mikocheni, tukaziacha mapokezi. Nyingi hazikujibiwa. Kampuni moja ilituita, ikatusikiliza vizuri, kisha ikauliza: ninyi wenyewe mmechanga kiasi gani? Hatukuwa na jibu, kwa kuwa waliolipa ada ya uanachama walikuwa wachache mno. Swali lile liliniuma, na lilikuwa la haki.

Tukaanzia kwetu. Ada tulikuwa tukiidai karibu na mitihani, wakati mwanafunzi anayetegemea mkopo bumu, yaani fedha zake za kujikimu, limeshamwishia na anahesabu nauli. Sasa tunaidai wiki bumu linapoingia. Tuliacha pia kupokea fedha mkononi: kila mchango unapita kwenye Lipa Namba yenye jina la chama, na kila Ijumaa mweka hazina anaweka orodha kwenye kundi letu. Waliokuwa wakinung'unika kwamba fedha zinaliwa ndio waliokuja kulipa mapema muhula wa pili. Nawashukuru kwa moyo wote.

Kilichotubeba zaidi ni kufufua kompyuta. Wanafunzi na majirani wa Sinza na Mwenge walituletea kompyuta mpakato walizokwisha kuzikatia tamaa, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa uleule: diski ya zamani, ile inayozunguka. Unaitoa, unaweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, unaongeza memori ikiwa nafasi ipo, unapuliza vumbi kwenye feni na kupaka upya ile pasta inayopeleka joto nje ya prosesa. Mashine ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha kisha anakwenda kunywa chai, sasa inaamka kabla hajavuta kiti. Zilizoshindwa kubeba Windows mpya tuliziwekea Linux, mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, mwenyewe akiridhia. Vifaa mteja alinunua mwenyewe Kariakoo, sisi tukatoza ufundi tu, hivyo chama hakikufunga mtaji wowote.

Tulibishana sana kama mafundi wetu walipwe. Wapo waliosema kazi ya chama ni ya kujitolea. Nilisimama upande wa malipo na bado nipo hapo: aliyelala na uji hatuwezi kumwita kila Jumamosi kwa shukrani peke yake. Kila fundi alipata sehemu yake, iliyobaki ikaingia chamani. Wenzetu wa mwaka wa kwanza walioanza wakiogopa kushika bisibisi leo wanawafundisha wengine, na hilo kwangu ni faida kubwa kuliko salio.

Fulana zilitutia hasara. Mchapaji alikosea herufi za jina la chama na hakurudisha fedha. Tulikuwa tumemlipa zote kabla ya kazi, na aliyesaini ni mimi, naomba radhi. Tangu siku ile tunalipa nusu, tunaona sampuli, ndipo tunamalizia.

Sehemu kubwa ya matumizi ilikwenda shule moja ya kata Mbagala isiyo na intaneti. Tulipeleka kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi yenye programu ya Kiwix, ambayo imebeba Wikipedia ya Kiswahili ndani yake. Wanafunzi wanaunganishwa na kifaa hicho bila waya na kusoma bila kununua bando. Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika jina la kata anakoishi bibi yake, huko Newala, akaikuta. Aliita darasa zima lije lione.

Mwaka 2004, wengi wetu tukiwa wachanga au hatujazaliwa, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ina wenyewe, nao ni sisi, na ndiyo ningependa fedha zetu ziikimbilie.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. Ada ibaki palepale. Nusu ya mapato ya kufufua kompyuta itengwe kwa shule ya pili na kwa kutafsiri kwa Kiswahili programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Na barua za udhamini ziendelee, ila kila moja iambatane na hesabu za michango yetu wenyewe, tukianza na wahitimu wetu walioko kazini.

Naomba kutoa hoja.