Barua kwa Wazazi na Walezi: Kijiji cha Laxton na Kazi ya Likizo

Kwa wazazi na walezi wa Kidato cha Pili,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa, na kila mwanafunzi atakuja nyumbani na karatasi ya manila. Hiyo ni ya kazi ya Historia na Jiografia. Mtihani wa muhula umeonyesha kwamba mada ya mapinduzi ya kilimo Uingereza bado haijaingia vichwani.

Wengi waliandika kwamba tangu zamani kila mkulima Mwingereza alikuwa na shamba lake lililozungushiwa ua. Sivyo. Ua ulienea baadaye, hasa kati ya 1750 na 1850, kwa sheria za Bunge. Laxton, katika kaunti ya Nottinghamshire, kimebaki na utaratibu wa kale hadi leo, ndiyo maana tumekichagua. Kina mashamba makubwa matatu yasiyo na ua: West Field, Mill Field na South Field. Mkulima hupata vipande virefu vyembamba, kimoja huku kingine kule, ili udongo mzuri na mbaya wote waugawane. Nyumba zimejipanga kando ya barabara ya kijiji, si shambani. Ramani ya Mark Pierce ya 1635 inaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja.

Mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano, kabla ya baridi kali. Wa pili shayiri au maharagwe. Wa tatu hupumzishwa. Kupumzishwa si kutelekezwa: zamani mifugo ililishwa humo, samadi ikabaki. Ubaya wa utaratibu huu wa mashamba yasiyo na ua ni kwamba mkulima hakuweza kubadili zao peke yake, na magugu ya jirani mzembe yalivuka bila kizuizi.

Mwishoni mwa Novemba baraza la wakulima hukagua shamba la ngano na kupigilia vigingi vya mipaka. Aliyelima hadi kwenye njia au nyasi za kijiji hutozwa faini. Wiki moja baadaye mahakama ya kijiji, Court Leet, huketi katika Dovecote Inn (naam, ni baa).

Sasa kazi yenyewe. Kipimo ni sentimita 1 kwa mita 20. Ekari ya kale ilikuwa mita 201 kwa 20, kwa hiyo kipande kimoja ni sentimita 10 kwa 1. Kilikuwa kirefu hivyo kwa sababu plau ya kukokotwa na ng'ombe ilikuwa taabu kuigeuza. Mwanafunzi achore mashamba matatu, kila moja vipande 12, kwa wakulima wanne wenye rangi nne. Vipande vya mkulima mmoja visigusane. Chini aweke jedwali la miaka mitatu. Hapo ndipo wanapojikwaa: shamba lenye ngano mwaka huu halipumzishwi mwaka ujao.

Mkague, lakini msimchoree. Karatasi irudi siku ya kufungua ikiwa imeviringishwa, si kukunjwa. Kwenye mikunjo penseli hufutika.

Wenu,
Mwalimu Mkuu