Rousseau mmemkatia maneno katikati

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya wiki jana ukurasa wa maoni, ile iliyoanza na maneno ya Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18 mzaliwa wa Geneva, kwamba binadamu amezaliwa huru na kila mahali yuko kwenye minyororo, alafu mwandishi akashuka nayo mpaka chini kutuambia huyu mzee alitaka tukate minyororo yote, kila mtu aishi anavyojisikia, sheria ni za kuwabana wanyonge, basi. Mi sio msomi. Ni fundi saa hapa Kilwa Masoko, ingawa siku hizi natengeneza simu kuliko saa maana saa yenyewe watu wanaiangalia kwenye simu. Lakini kitabu yanakotoka maneno hayo, Mkataba wa Jamii, ninacho, kiko mezani kwangu mwaka wa tatu sasa, mwalimu mmoja mstaafu alichukua saa yake akaniachia vitabu viwili vya Kiingereza kama rehani na hajarudi kukomboa, na siku mteja hakuna nasoma.

Sasa mhariri hiyo sentensi haiishii pale mlipoikata. Sogeza jicho kidogo tu, aya hiyo hiyo, anauliza: mabadiliko haya yametokeaje? Anajibu sijui. Ni kitu gani kinaweza kuyafanya yawe halali? Hilo naona naweza kulijibu. Yani kitabu kizima cha mwaka 1762, huo Mkataba wa Jamii, kinahangaika na neno halali. Mwandishi wenu amechukua swali akalifanya jibu.

Na swali lenyewe analiweka hivi, mnisamehe tafsiri ya kibandani: tutapataje umoja ambao nguvu ya wote inamlinda kila mmoja na mali yake, na huku kila mmoja ameungana na wenzake bado anajitii mwenyewe tu na anabaki huru kama alivyokuwa? Ukilisoma mara ya kwanza unaona kama kitendawili, mi nililisoma mara nne hivi. Lililonifungua macho ni kikoba chetu. Tulikaa wenyewe tukaweka faini shilingi 1,000 kwa anayechelewa kikao, na mimi nilinyoosha mkono, tena mkono wa kwanza, na wiki ya pili nikachelewa mimi, fundi saa, watu walicheka mpaka basi. Nililipa huku nimenuna lakini siwezi kusema nilionewa. Rousseau anasema kufuata tamaa peke yake ni utumwa, na kuitii sheria uliyojiwekea mwenyewe ndio uhuru. Ile buku nilijitoza mwenyewe.

Hapo hapo analeta kitu anachokiita nia ya jumla, na anaonya kwamba sio sawa na jumla ya nia za watu, na hapa wengi wanateleza. Kwenye kikoba kila mwanachama ukimuuliza pembeni peke yake anataka akope wa kwanza na arudishe wa mwisho, ukijumlisha hizo nia zote kikoba kimekufa. Lakini muulize huyo huyo kama mwanakikoba atakwambia hela lazima zirudi. Hiyo ya pili ndio anayoitafuta Rousseau, na ndio maana hakuwa na imani sana na wawakilishi, aliwasema Waingereza kwamba wanajiona wako huru na wanajidanganya vibaya, wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, wakishawachagua wanarudi utumwani.

Msinielewe vibaya, simfanyi mtume. Kuna sehemu anasema atakayekataa kuitii hiyo nia ya jumla atalazimishwa na wenzake wote, na maana yake ni kwamba atalazimishwa kuwa huru. Hayo maneno mi yananitisha mpaka leo. Nani anayeijua nia ya jumla ikoje mpaka anishike shati anilazimishe? Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyemhusudu sana Rousseau, alijiona anaijua, na vichwa vilidondoka Paris mpaka na chake Julai 1794, na miezi michache tu baadae, Oktoba, mabaki ya Rousseau yakahamishwa kwa heshima zote kwenda Panthéon, jengo la Paris wanakozikwa watu wakubwa wa Ufaransa. Mwandishi wenu angemkaba hapo ningempigia makofi, badala yake kaenda kumkaba kwa jambo ambalo hakulisema.

Maana hili la kusema alitaka kila mtu aishi anavyojisikia, yani turudi porini, ni la zamani sana. Mwaka 1755 alipotoa kitabu chake juu ya chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu, Voltaire, mwandishi maarufu wa Kifaransa wa wakati ule, alimwandikia kwa kejeli kwamba ukikisoma unapata hamu ya kutembea kwa miguu minne. Lakini mwenyewe alishaliona hilo linakuja, kwenye maelezo ya kitabu hicho hicho anauliza, kwa hiyo tuzivunje jamii turudi msituni kuishi na dubu? Anasema hilo ndio hitimisho la wapinzani wangu, bora niliseme mimi mapema niwaepushe na aibu ya kulisema wao.

Na kwenye hicho kitabu cha 1755 ndimo kuna vitu vitamu ambavyo makala yenu haikuvigusa kabisa. Kuna wawindaji wanaomzingira mnyama mkubwa, kulungu tuseme, kila mtu anajua akishikilia nafasi yake wote watakula, alafu sungura anakatiza mbele ya mmoja wao. Huyo bwana anamkimbilia sungura bila kujiuliza mara mbili, na akishamkamata hana habari tena kwamba wenzake wamekosa nyama. Hakuna mtu mbaya kwenye hiyo hadithi, kuna mtu mwenye njaa na sungura aliye karibu.

Ya pili ni ngoma. Anasema watu walipoanza kukaa pamoja walizoea kukutana mbele ya vibanda au chini ya mti mkubwa, wanaimba wanacheza, na hapo kila mmoja akaanza kuwatazama wengine na kutaka atazamwe. Anayeimba vizuri, anayecheza vizuri, mzuri wa sura, mwenye nguvu, mjuzi wa kuongea, huyo akaanza kuhesabika kuliko wengine, na hiyo anasema ndio hatua ya kwanza ya watu kutokuwa sawa na ya maovu pia. Anatofautisha kujipenda kwa kawaida, kule kwa kutaka kuishi ambako hata mnyama anako, na kujipenda kwa kujilinganisha, ambako huwezi kukidhi mpaka jirani awe chini yako. Mi nimekulia kwenye ngoma. Namjua mama mmoja aliacha kuongea na dada yake miaka sita kwa sababu ya nani alitunzwa hela nyingi kwenye arusi, wala wote wawili hawakuwa na shida ya hizo hela.

Nilianza kumpenda, nikiri, kwa sababu baba yake alikuwa fundi saa. Isaac Rousseau wa Geneva, alifika mpaka Constantinople, Istanbul ya leo, akawa fundi saa wa jumba la Sultani, kisha akarudi, Jean-Jacques akazaliwa tarehe 28 Juni 1712 na siku chache baadae mama yake akafariki. Baba na mtoto walikuwa wanasoma hadithi usiku kucha mpaka wanasikia mbayuwayu alfajiri, baba anaona haya anasema twende tukalale, mimi mtoto kuliko wewe. Alafu miaka inapita, Machi 1728 kijana ana miaka 15 ni mwanafunzi wa fundi wa kunakshi anayempiga, ametoka nje ya mji Jumapili kutembea na wenzake, wanarudi mbio wanakuta lango limefungwa, nahodha wa zamu amelifunga nusu saa kabla ya muda. Akaapa harudi kwa yule fundi na kweli hakurudi. Nusu saa mhariri! Na mtu huyo huyo alipofika makamo akaamua kuishi maisha rahisi akauza saa yake, akasema kwa furaha kwamba namshukuru Mungu sitakuwa tena na haja ya kujua ni saa ngapi. Mtoto wa fundi saa. Hapo nilimkasirikia kidogo kibiashara.

Lakini hasira ya kweli ni ya watoto. Alizaa watano na Thérèse Levasseur, mwanamke aliyekuwa anafua kwenye nyumba ya wageni Paris, na wote watano wakapelekwa kituo cha watoto wa kuokotwa, tena mama yao hakutaka. Na ndiye aliyekuja kuandika Émile, kitabu kizima cha jinsi ya kulea mtoto, akiwahimiza akina mama wanyonyeshe wenyewe. Voltaire ndiye aliyeifichua siri hiyo mwaka 1764 kwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi. Msomaji mwingine atasema basi tumtupe, mtu kama huyo atufundishe nini juu ya jamii, na mi sina jibu zuri, najua tu kwamba Émile hiyo na Mkataba vilipotoka 1762 Paris waliamuru akamatwe na Geneva kwao wakavichoma vyote viwili, na sidhani walivichoma kwa sababu ya wale watoto.

Nimalizie na kitu cha huku kwetu, maana kinahusu. Kwenye Mkataba kuna sura nzima ya kupinga utumwa, anabishana na Grotius, mwanasheria wa Kiholanzi wa kabla yake, anasema maneno utumwa na haki yanapingana, na anamalizia kwa kuigiza bwana anayemwambia mtumwa wake: nafanya na wewe mkataba ambao gharama zote ni zako na faida zote ni zangu, nitaushika kwa muda nitakaopenda mimi, na wewe utaushika kwa muda nitakaopenda mimi. Sura nzuri, lakini watumwa weusi waliokuwa kwenye mashamba ya Wafaransa wakati ule ule hawamo, kuna Warumi na mateka wa vita. Na tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa anaitwa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa, watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu ya fedha ya wakati ule) kila mmoja, kwenda visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo ikiwemo. Rousseau alikuwa hai. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Oktoba, alikuwa matembezini Ménilmontant, pembeni mwa Paris, akagongwa na mbwa mkubwa akazimia, na akaliandika hilo tukio kwa kirefu sana, mpaka damu ilivyokuwa inamtoka akiiangalia kama maji ya kijito.

Kibanda changu kinatazama Kilwa Kisiwani, alikokaa huyo Sultani. Siku niliyogundua hizo tarehe mbili zinafuatana nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai, kazi haikufanyika tena.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo, mkiitoa tena hiyo sentensi itoeni na zile zinazoifuata, hazizidi mistari mitatu. Na kama yule mwalimu anasoma gazeti lenu, vitabu vyake vyote viwili vipo salama isipokuwa kimoja kimeingia mafuta ya mashine kidogo ukurasa wa mwanzo, deni ni shilingi elfu nane, aje tu.

Msomaji wenu,
Fundi Saa, Kilwa Masoko