Ukituletea magamba ya chuma, tuambie yalipoaje

Mwaka jana mteja mwenye kiwanda cha nondo alituletea maabara mfuko wa magamba meusi, yale yanayobanduka kwenye mapande ya chuma yakitoka tanurini. Tuliyasaga, tukayapima kwa eksirei yakiwa baridi, na siku ileile tukampa majibu: magnetaiti (chuma kilichoungana na oksijeni) kwa wingi, na ndani yake chuma halisi kidogo. Aliposikia chuma halisi, akaamini roli zake, yaani mapipa ya chuma yanayobana mapande yawe nondo, zinakwangua mapande. Akaanza kuulizia bei ya roli mpya. Majibu yetu yalikuwa sahihi kwa unga uliokuwa mezani, lakini yalimpotosha, na kosa lilikuwa letu. Hatukumuuliza magamba yale yalipoaje.

Chuma ni fuwele kama chumvi ya jikoni: atomi zake zimejipanga safu kwa safu. Eksirei ikizipiga safu hizo hutoka kwa nguvu katika pembe fulani tu, na pembe hizo hutegemea umbali wa safu moja na nyingine. Kanuni hiyo tumeipata kwa William Lawrence Bragg, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1915 pamoja na baba yake, akiwa na miaka 25. Kwenye mashine yetu kila pembe kama hiyo huonekana kama mstari, na chuma cha kawaida hutoa mstari wake mkubwa kwenye digrii 52.4. Tunatumia eksirei inayotolewa na metali ya kobalti, maana ile ya shaba hukifanya chuma chenyewe kitoe mng'ao wa eksirei unaomeza mistari dhaifu.

Tatizo ni kwamba mpangilio huo wa safu haudumu motoni. Chuma safi kikifika nyuzi 912 za Selsiasi atomi zake hujipanga upya, na kikipoa hurudi zilivyokuwa. Ukikipima kesho yake mezani hutajua kamwe kwamba kiligeuka. Magamba nayo yana mambo yake. Kwenye joto la tanuri la nondo, sehemu kubwa ya gamba ni wustaiti, oksaidi ya chuma (nayo ni chuma kilichoungana na oksijeni, ila kwa kiasi tofauti na magnetaiti) ambayo hutulia tu juu ya nyuzi 570 hivi. Likipoa polepole, tuseme limerundikwa na wenzake kwenye lundo la moto, wustaiti hugawanyika kuwa magnetaiti na chuma halisi. Chuma kile tulichokiona kilizaliwa ndani ya lundo. Roli hazikuhusika.

Tulimwita mteja aje aone kwa macho yake. Tulitandaza unga wake kwenye utepe mwembamba wa platinamu ndani ya chemba ya joto, tukapitisha nitrojeni safi sana (oksijeni ikipenya, hata kidogo, unga unaungua zaidi na kipimo kimeharibika), tukapandisha joto hatua kwa hatua huku mashine ikipima. Tulipovuka 570 na kuendelea kupanda, mstari wa chuma ulianza kufifia, mistari ya magnetaiti ikafuata, na ya wustaiti ikachomoza mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tukashusha joto taratibu, ile ya kwanza ikarudi. Mteja alikaa kimya akiangalia kioo cha kompyuta, kisha akasema, "Basi roli zangu hazina kosa." Mazungumzo yakahamia kwenye hewa inayoingia tanurini na muda ambao mapande yanakaa humo, na huko ndiko chuma chake kinakopotelea.

Chemba hiyohiyo hupokea gesi nyingine. Kwa wanaotaka kuona madini ya chuma yakigeuka kuwa chuma, tunatumia haidrojeni iliyochanganywa na nitrojeni, haidrojeni ikiwa chini ya asilimia 4, kwa sababu kuanzia hapo ikikutana na hewa inaweza kushika moto. Wahunzi wa Buhaya, kule Kagera, walifanya kazi hiyo karne nyingi zilizopita kwa moshi wa makaa: kaboni monoksaidi ndiyo iliyoyapokonya madini oksijeni yake.

Kuna ambayo kipimo hiki hakiwezi. Eksirei zetu huingia maikromita chache tu ndani ya chuma, kwa hiyo kipande kizima kitatuonyesha ngozi yake. Kitu kisicho na mpangilio wa fuwele, mfano kioo, hakitoi mistari. Na kilicho kidogo sana kwenye mchanganyiko hujificha. Joto nalo huvimbisha utepe na kuinua unga, mistari ikasogea, ndiyo maana kila mara tunachanganya alumina kidogo: kuvimba kwake kunajulikana vizuri, nasi tunasahihisha kwa kuufuata.

Unapokuja, tuletee kijiko kimoja cha unga au kipande bapa kama sarafu. Usikisugue wala kukiosha. Andika kwenye karatasi kilipashwa hadi joto gani, kwa muda gani, katika gesi au moshi wa namna gani, na kilipozwa kwa maji, kwa hewa au kwenye lundo. Bila karatasi hiyo sasa hatuwashi mashine.