Álava nayo iandikwe, sio Bilbao tu

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Wiki iliyopita mlitoa makala ndefu kuhusu nchi ya Wabaski kule kaskazini mwa Hispania, na mimi mtu wa Kigoma ninayeishi na kufanya kazi huku Vitoria-Gasteiz, mji mkuu wa mkoa wa Álava, niliifungua kwa hamu kweli, nikakuta Bilbao mwanzo mwisho, bandari, meli, makumbusho ya Guggenheim, ufukwe wa San Sebastián, alafu mkoa mzima wa Álava umepewa nusu sentensi kwamba hauna bahari. Bahari ni kweli hatuna. Ila mji huu ulichaguliwa 1980 kuwa makao ya serikali ya Wabaski na bunge lao, na kwa eneo Álava ndo mkoa mkubwa kuliko mingine miwili ya Wabaski, Bizkaia wenye Bilbao na Gipuzkoa wenye San Sebastián, kilomita za mraba 3,000 na ushee, watu wake laki tatu na kitu na karibu robo tatu yao tumejazana huu mji mmoja.

Hata maji ya Bilbao yenyewe mengi yanatoka huku. Kaskazini mwa mkoa kuna milima ya kijani yenye mvua nyingi, Gorbea una mita 1,482, mito inashuka uwanda wa kati ambako wanalima ngano na viazi, inaingia mto Zadorra, Zadorra inaingia mto Ebro na kwenda zake bahari ya Mediterania. Miaka ya 50 wakajenga mabwawa pale Zadorra, kuna vijiji vikazama, watu wakahamishwa, na maji yakapigiwa handaki chini ya milima kuelekea upande wa pili kwa wenye bahari. Kwa hiyo ukisifia Bilbao bila kumtaja aliyetoa shamba lake lizame unakuwa hujamaliza habari.

Sasa chumvi. Sisi watu wa Kigoma tunaijua Uvinza, tunajua chumvi haihitaji bahari, na ndo maana nilipofika Añana, magharibi mwa mkoa, nilisimama pale muda mrefu sana. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita bahari ilikauka ikaacha chumvi chini ya ardhi, maji yakipita huko chini yanaiyeyusha yanatoka juu kwenye chemchemi, makali balaa. Hakuna pampu, yanatiririka yenyewe kwenye mifereji ya mbao kufuata mteremko, mpaka kwenye majukwaa ya mawe, magogo na udongo yaliyopangwa ngazi kwa ngazi bonde zima. Wanamwaga maji juu ya jukwaa kina kidogo tu, jua la kiangazi linayakausha, mfanyakazi anapita anakoroga taratibu na kifaa chake cha mbao chenye mpini mrefu, na chumvi ikishaiva anaivuta ikiwa bado na unyevunyevu, haachi ikauke kabisa. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kazi hii ina zaidi ya miaka 6,000 na kwamba wa mwanzo walichemsha maji kwenye vyungu, yaani kama wazee wetu Uvinza kabisa, jua lilikuja kutumika baadaye. Mwishoni mwa karne ya 20 bonde lilikuwa linakufa, chumvi ya bei rahisi imejaa sokoni na majukwaa yanaporomoka, wakakaa chini wakaamua kulifufua, na 2017 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikalitambua kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Vijana wanafanya kazi pale saa hivi na mshahara wanapata.

Kusini ukivuka milima hali ya hewa inageuka kabisa, joto na ukavu, mizabibu mpaka mtoni Ebro. Hapo ndo Rioja Alavesa, mvinyo wake unauzwa nchi nyingi, pale Elciego kuna kampuni ya Marqués de Riscal ya tangu 1858 na hoteli yao aliyochora Frank Gehry ilifunguliwa 2006. Wageni wanakuja kupiga picha paa la hoteli, lakini mavuno ya Septemba na Oktoba yanawategemea sana wahamiaji na Waafrika wenzetu wamo, nao wastahili kutajwa.

Lakini lililonifanya niandike hasa ni kodi, maana makala yenu ilisema utajiri wa Wabaski umetokana na bandari na chuma. Kwa Álava haikuwa hivyo. Baada ya vita vya Wakarlista, waliopigania mfalme wao mwingine, serikali ya Madrid ilifuta sheria za kale za Wabaski mwaka 1876, alafu 1878 wakapatana kwamba mikoa ikusanye kodi yenyewe na ipeleke Madrid fungu waliloelewana. Mwaka 1937, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Franco, kiongozi wa jeshi lililoiasi serikali ya Jamhuri, akaifutia haki hiyo mikoa ya Bizkaia na Gipuzkoa kama adhabu kwa kusimama na Jamhuri. Álava akaiachia. Kwanini? Kwasababu jeshi la waasi liliushika mji huu mwanzoni tu mwa uasi, tarehe 19 Julai 1936, na watu wengi wa hapa waliliunga mkono, na waliopinga walimalizwa, mpaka meya aliyekuwepo kabla ya uasi, Teodoro González de Zárate, walimtoa gerezani wakampiga risasi yeye na wenzake tarehe 31 Machi 1937. Kwa hiyo haki ya kodi ilibaki kwa njia ya aibu, tusiipambe, ila ilibaki na ndo iliyojenga mji.

Maana kufika miaka ya 50 mkoa ulikuwa na hela zake na uamuzi wake. Wakatenga ardhi tambarare, wakaweka barabara na umeme, wakapunguza kodi kwa wenye viwanda, na kampuni zilizobanwa kwenye mabonde membamba ya Gipuzkoa zikahamia huku. Kiwanda cha magari kilichoanza na vani za DKW leo ni cha Mercedes-Benz na kina maelfu ya wafanyakazi, Michelin wakaja 1966. Mji uliokuwa na watu kama elfu 50 mwaka 1950 ukapita laki moja na nusu katika miaka 25, wengi wakulima waliotoka Castilla, Extremadura na Andalucía wakitafuta maisha kama tulivyokuja sisi. Haki ile ilirudishwa kwa Bizkaia na Gipuzkoa 1981, ikawa ya mikoa yote mitatu, na mpaka leo kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara wangu haiendi Madrid, inaenda ofisi ya mkoa hapahapa mjini.

Na hao wafanyakazi msiwasahau. Mwanzoni mwa 1976, Franco ameshakufa lakini polisi ni walewale, viwanda vya hapa viligoma kudai mshahara ulio sawa kwa wote na kukutana bila woga. Tarehe 3 Machi watu walijaa kanisa la San Francisco mtaa wa Zaramaga kwa mkutano, polisi wakapiga mabomu ya machozi ndani kupitia madirishani, watu wakikimbilia nje kutafuta hewa wakapigwa risasi. Walikufa wafanyakazi watano, mmoja ana miaka 17, mwingine 19, na majeruhi walikuwa zaidi ya mia. Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Kila mwaka tarehe hiyo watu wanaandamana kwenda pale na maua, wazee waliokuwa ndani ya kanisa siku ile wapo wanatembea nasi na bado wanadai haki.

Mhariri, hii ndo habari ya uchumi wa huku ninayoijua mimi. Mkiandika tena kuhusu Wabaski naomba mtume mtu mpaka Zaramaga na Añana, na hao watano wawemo.

Msomaji wako,
Vitoria-Gasteiz, Hispania