Kwa mdogo wangu uliyetoka Myawaddy: wewe si mwizi

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani na jina lako silitaji, kwa sababu hata yale maneno ulisemwa hadharani. Ati ulienda kula pesa za wazungu kwa utapeli wa mtandaoni, mambo yakaharibika ndo ukarudi. Tangu ufike hutoki, simu hushiki, harusini hukuja. Sasa wacha niongee mimi.

Wewe uliomba kazi ya kastoma kea Bangkok. Uliuza pikipiki umlipe ajenti, ukaenda na vyeti vyako vya shule kwenye bahasha. Mwizi habebi vyeti. Ulivoshuka tu ukapakiwa kwenye gari, usiku kucha barabarani, karibu kilomita 500 mpaka Mae Sot, halafu boti, mkavuka mto Moei na ng'ambo ya pili si Thailand tena, ni Myanmar, pande za Myawaddy, huko serikali haifiki vizuri na wenye kutawala ni wanamgambo wenye bunduki, ndo waliokuwa wakiwapa hifadhi mabosi wa KK Park na Shwe Kokko, ile miji ya utapeli wa mtandaoni. Pasipoti ikachukuliwa, ukaambiwa umenunuliwa na ukitaka kutoka ulipe madola. Madola ungeyatoa wapi?

Na ile kazi yenyewe, watu wanadhani ni kukaa tu kwa kompyuta na kudanganya. Unapewa simu kadhaa, akaunti feki zenye picha za mdada mrembo tajiri, na skripti ya kila siku, leo muulize huyo mtu unayechat naye amekula nini, kesho msikitikie mamake mgonjwa, na unafanya usiku kwa sababu Marekani ndo mchana. Wiki zinapita hamjataja pesa hata kidogo. Akishazama kwa mapenzi ndo unamwonyesha programu ya kripto, yani pesa za kidijitali, anaweka kidogo, anaona faida, tena anaruhusiwa kutoa kidogo ili aamini, akishaweka akiba yake yote anaambiwa alipe kodi kwanza ndo atolewe pesa. Akitaka kukuona kwa video, kuna msichana amewekwa hapo kazi yake ni hiyo tu, na wasichana hao pia wengi wao wamefungiwa kama wewe.

Ukikosa kufikisha taageti ni shoti ya umeme, virungu, chumba cha giza, au unauzwa kwa kampuni ingine na deni linaongezeka. Wanaokuita mwizi wangefanya nini? Ningependa kweli wanijibu.

Na sisemi wale walioibiwa si watu. Wewe mwenyewe uliniambia kuna mama mmoja mjane unamwota mpaka leo. Huyo mama aliumizwa na watu walewale waliokupiga wewe, na mnadai haki kwa mtu mmoja. Kubeba huruma yake sawa, lakini dhambi ya bosi usiibebe.

Hamkuwa wachache pia. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria watu wasiopungua 120,000 wameshikiliwa Myanmar kwa kazi hizi, na kama 100,000 Kambodia. Februari 2025 Thailand ilipokata umeme wa ile miji ya mpakani na China ikakaza shinikizo, wakaachiliwa kama 7,000, wengi kutoka nchi nyingi hata Afrika, na bado wakakaa wiki na wiki kwenye kambi za wanamgambo, chakula cha shida, kwa sababu Thailand haikutaka kuwapitisha mpaka nchi zao zije kuwachukua. Sisi Kenya hata ubalozi Myanmar hatuna, mambo yote yanapitia Bangkok.

Kitu kingine, na hiki mwambie hata mjomba. Sheria yetu ya kupambana na biashara ya binadamu, ya 2010, inasema aliyesafirishwa hashtakiwi kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Yani hata sheria imeona. Anayetakiwa kortini ni ajenti, na ajenti huyo bado anaposti kazi za Thailand kwenye magrupu, juzi nimeona mtoto wa jirani ameuliza "bado kuna nafasi?" na nikaingia inboksi yake haraka kumzuia.

Kwa hivo naomba usifute kitu. Meseji za ajenti, namba yake, risiti za pesa ulizomtumia, tikiti, picha yoyote ya ule mji, weka zote hata kwa simu ya mama. DCI, wale polisi wa upelelezi, wana kitengo cha kesi hizi, kiko Nairobi na kiko Mombasa, tutaenda wote na nitakaa hapo mpaka umalize kuandikisha. Kama hujisikii kuongea bado, sawa, tutangoja, lakini zile meseji nitumie leo nizihifadhi. Na ukikosa usingizi saa nane ya usiku nipigie, mimi nitashika.

Dadako