Udongo wa mfinyanzi upimwe kabla na baada ya kukandwa

Mhariri,

Tangu mafuriko yaliyofuatana na kimbunga Hidaya, Mei 2024, yakate barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, habari za madaraja zimezungumzwa sana mkoani kwetu. Naomba nafasi niongeze jambo linalosahaulika, nalo ni namna tunavyopima udongo wa mfinyanzi kabla ya kujenga juu yake.

Mimi ni fundi mstaafu wa maabara ya udongo, naishi Lindi. Kila mfinyanzi anajua kwamba bonge gumu hulegea likikandwa, hata pasipoongezwa tone la maji, na likifunikwa lisikauke hurudisha sehemu ya ugumu wake. Chembe zake bapa, zisizoonekana kwa macho, zilipotuama zilishikana ovyo kama kuni zilizotupwa, zikajenga vifungo hafifu kwa miaka mingi. Kukanda huvunja vifungo hivyo na kuzilaza chembe.

Maabara hupima nguvu ya sampuli isiyovurugwa, kisha hupima sampuli hiyohiyo ikiisha kukandwa, na kugawa ya kwanza kwa ya pili. Kilopaskali (kizio cha kupimia nguvu ya udongo) 40 zikishuka hadi 10, uwiano ni 4, jambo la kawaida. Nchini Norway, ambako udongo wa baharini ulinyanyuka barafu ilipoyeyuka na chumvi yake ikasafishwa polepole na maji yasiyo na chumvi, uwiano waweza kupita 30 na udongo ukawa uji. Huko Rissa, Aprili 1978, kifusi cha mita za ujazo 700 hivi, kilichorundikwa kando ya ziwa wakati wa kupanua banda la shamba, kilianzisha poromoko la zaidi ya mita za ujazo milioni 5.

Nisieleweke vibaya: udongo wetu haukupitia barafu, wala sitabiri maafa ya aina hiyo. Kinachoniuma ni uzembe katika kupima. Katika mradi mmoja nilioufanyia kazi, sampuli zilisafirishwa nyuma ya pikapu kwenye mashimo, bila kufungwa kwa nta, zikafika zimevurugika, na takwimu zake zikaandikwa kuwa ndiyo nguvu ya ardhi. Mtu atasema kosa hilo halina madhara kwa kuwa linapunguza nguvu inayoandikwa, hivyo mjenzi atajihadhari zaidi. Lakini linaficha kiasi ambacho nguvu itaanguka pindi nguzo zikipigwa au mtaro ukichimbwa.

Hesabu za kompyuta nazo haziokoi. Modeli mashuhuri ya Cam-clay, yaani kanuni za hesabu za kukadiria tabia ya udongo, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilitokana na tabia ya udongo uliokandwa, hivyo ikitumiwa ilivyo haina habari ya vifungo vya asili. Modeli za baadaye zimeongeza kipimo cha vifungo hivyo, kinachopungua kadiri udongo unavyobadilika umbo, ila kipimo hicho hakipatikani bila sampuli nzuri.

Naomba sampuli zifungwe kwa nta palepale shimoni, na kila ripoti iandike nguvu zote mbili sambamba, pamoja na kina na idadi ya siku kati ya kuchukua sampuli na kuipima.

Fundi mstaafu,
Lindi